Mama Yako Amerejea

Sehemu ya Tisa

Mliniacha jikoni kwa mama mkwe, huko Andong, siku ya Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno, nimepiga magoti mbele ya kikaango na mafuta yamenirukia hadi kwenye kiwiko. Wengi mmeniuliza kama nilifanikiwa kutoka. Nilitoka. Lakini ningejua nitatoka kwa njia ile, ningebaki pale pale nikaendelea kukaanga.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Myeong-ju, mke wa Tak Jae-ung, mkaza mwana pekee wa nyumba hii. Tangu niolewe sijawahi kufika kwa mama yangu mzazi siku yenyewe ya sikukuu. Mama yuko Bonghwa, huko milimani, mjane, anaishi na mbwa wake. Safari hii nilimpigia simu nikamwambia mchana nitakuwa kwake, tutakula pamoja. Akanijibu nisijisumbue, wakwe kwanza. Nikamwapia kwamba nitafika.

Haya, twende.

Nyumba ya akina Tak inatawaliwa na ulimi. Baba mkwe anafundisha adabu za sikukuu kwenye ukumbi wa wazee wa mji: namna ya kuinama, mkono upi ukae juu ya upi, mkubwa aambiweje na mdogo aambiweje. Watu wanatoka mbali kuja kumsikiliza na wanamlipia chakula cha mchana. Sisi wa nyumbani tunasikiliza bure, na hatuna ruhusa ya kusinzia.

Kwa mfano, mkimaliza kupika, usithubutu kumwambia mama mkwe "pole na kazi". Pole na kazi humshukia mdogo kutoka kwa mkubwa, haipandi juu. Mimi niliwahi kuipandisha, mwaka ule nilioolewa. Nilikalishwa sebuleni nikafundishwa mpaka supu ikaganda.

Halafu kuna Jae-pil, mdogo wa mume wangu. Ana miaka thelathini na ushee, hana kazi, hana mke, na nikija sikukuu soksi zake nafua mimi. Lakini kwa kuwa hajaoa, sheria inanitaka nimwite Bwana Mdogo. Si lile bwana mdogo la kumwita kijana wa dukani. Ni lile ambalo zamani mtwana alimwitia mtoto wa bwana wake.

Asubuhi hiyo Jae-pil alikuwa ameshavuruga mambo. Tulikuwa mbele ya meza ya mababu, mchele mpya umewekwa, mvinyo umemiminwa, ukoo mzima umejipanga. Ikafika zamu yake ya kumkaribisha babu yake marehemu chakulani. Kwetu kuna kula kwa mtoto, kuna kula kwa rika lako na kuna kula kwa mzee, na kila kimoja kina neno lake. Jae-pil alikuwa amekesha na michezo ya kompyuta. Akamwambia babu neno la mtoto. Ni kama alimwambia, "We babu, njoo ule."

Baba mkwe alimkoromea pale pale, mbele ya walio hai na waliokufa. Alimwambia kuanzia saa ile, mtu mzima yeyote atakayemtaja katika nyumba ile, kila tendo lake alipe heshima yake. Mzee hali, anajongea mezani. Mzee halali, anapumzika. Kosa jingine moja, na posho ya mwezi inakatwa.

Jae-pil aliinamisha kichwa akasema amesikia. Na kweli alikuwa amesikia, ndiyo balaa lenyewe.

Mchana ukafika. Makaburi yalikuwa yameshazuriwa, wageni wamelishwa, vyombo nimeviosha, nimevifuta na kuvipanga. Nikavua aproni, nikaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, kazi zimekwisha. Naomba niwahi Bonghwa."

Mama mkwe wangu hajawahi kunikatalia kitu tangu nimjue. Hilo ndilo linalonimaliza.

"Nenda mwanangu, nenda," akasema. "Nani kakuzuia? Mama yako anakusubiri, maskini. Ila tu Jae-ran yuko njiani, hamjaonana tangu mwaka mpya. Akifika akute wifi yake hayupo, na samaki wamepoa, sijui nitamwambia nini. Lakini wewe nenda."

Kwa asiyejua lugha yetu, hilo ni katazo.

Jae-ran ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ameolewa huko Daegu. Naye ni mkaza mwana wa watu. Lakini mama mkwe wake alikuwa amemruhusu mapema aje kwao, na mama mkwe wangu alikuwa ameshinda anamsifu mwanamke yule kwa utu wake. Kwa hiyo mimi nisiende kwa mama yangu, kwa sababu binti wa mama mkwe anakuja kwa mama yake. Nilipolifikiria hilo kichwa kiliniuma, na sikuwa na neno la heshima la kulisemea.

Nikasema, "Basi nitamsubiri Bibie." Huyo naye namwita hivyo.

Nikaenda sebuleni kwa mume wangu. Alikuwa ameegemea mto anatazama mieleka ya sikukuu.

"Jae-ung, sema na mama. Mwaka jana uliniahidi."

"Nitasema. Hawa wakiangushana nitasema."

Wakaangushana. Wakaingia wengine. Nikarudi jikoni, nikavaa aproni, nikawasha jiko. Nilikuwa na hasira ya kutosha kukaangia samaki bila mafuta.

Hapo ndipo Jae-pil alipoingia kutoka nje, ananuka sigara. Akasimama mlangoni mwa jikoni. Akaniona mimi na mama mkwe, na nyuma yetu akamwona baba mkwe anakunywa chai. Akajinyoosha, akaweka mikono pamoja tumboni kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi:

"Shemeji, mama yako amerejea."

Kisha akainama, akaenda zake chumbani akafunga mlango.

Nieleze kidogo. Kwetu mtu mzima hafi. Mbwa anakufa, betri inakufa, mtu mzima anarejea. Kila mtu anaweza kurudi: kurudi sokoni, kurudi kazini, kurudi kwake. Lakini ukishalivika neno hilo heshima likawa kurejea, na usiseme anarejea wapi, basi anarejea kule ambako hakuna basi linalotoka. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Mwiko uliniponyoka mkononi.

Sikulia mara moja. Nakumbuka nilizima jiko kwanza, kwa sababu samaki walikuwa wanaungua na nilihofia kusemwa. Kisha nikakaa sakafuni. Mama mkwe alikuwa ameshafika chini kabla yangu, anapiga sakafu kwa viganja na kulia, "Aigu, aigu, mkwe wangu, hata hatukuwahi kula pamoja."

Televisheni ikazimwa. Katika ndoa yangu yote sikuwa nimewahi kumwona Jae-ung akizima mieleka.

Niliipiga simu ya mama. Ikaita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena. Mama anayo simu, lakini hukaa kwenye droo, kwake yeye ni chombo cha kupigia, si cha kupigiwa. Mwingine angekumbuka hilo. Mimi niliisikia ile simu inavyoita kwenye nyumba tupu, na nikaona kila mara niliyomwambia "sikukuu ijayo, mama".

Baba mkwe akasimama katikati ya jikoni. Huyu ni mtu ambaye msiba humpa kazi.

"Jae-ung, suti nyeusi. Mama Jae-ung, acha kulia kwa sauti, sauti ni ya wafiwa, sisi ni wakwe. Myeong-ju, vua hicho kibanio cha nywele, kina rangi." Akanigeukia kwa upole ambao sikuwahi kuuona. "Yuko hospitali gani?"

"Sijui, Baba."

"Nani aliyeleta habari?"

Na mimi ndipo nikajiuliza. Nikajiinua, nikaenda chumbani kwa Jae-pil bila kugonga, nikafunga mlango nyuma yangu.

Alikuwa amelala chali, kompyuta tumboni, vidude vimeziba masikio.

"Bwana Mdogo. Nani kakwambia?"

Akachomoa kidude kimoja. "Kaniambia nini?"

"Habari za mama yangu."

"Si mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Mama yako, shem. Nilikuwa nje getini navuta. Kaja na furushi, kasema alijua hutaweza kutoka. Kaona viatu vya watu vimejaa mlangoni, akasema asije akawasumbua wakwe siku ya sikukuu. Kasema nisikuite, una kazi. Kaniachia hili, kawahi basi, karu..." Akajikamata, akatazama mlango. "Amerejea."

"Amerejea wapi?"

"Kwake. Bonghwa."

Nikamtazama. Naye akanitazama, mdomo wazi. Nje mama mkwe aliendelea kulia.

"Sasa mbona hukusema karudi kwake?"

"Baba alikuwa amekaa pale. Asubuhi kasema tendo la mzee lilipiwe heshima. Nikalipa." Akaketi kitako. "Kwani huko wanalia nini?"

"Umemuua mama yangu, Bwana Mdogo."

Nilicheka. Najua haisemeki, lakini nilicheka, mkono mdomoni, machozi yananitoka, huku nikimshukuru Mungu na mababu wote wa akina Tak hata wale nisiowajua majina. Mama yu hai. Yuko ndani ya basi, anasinzia.

Kisha nikafungua lile furushi.

Ndani mlikuwa na songpyeon, vile vikeki vya mchele vyenye ufuta, alivyovifinyanga mwenyewe na kuvipika juu ya majani ya msonobari. Vilikuwa bado na uvuguvugu. Mama alikuwa amepanda basi tangu milimani, vikeki amevikumbatia kifuani, akafika getini, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikimkaangia samaki binti wa mtu mwingine. Na mama akahesabu viatu vya watu akaona havimruhusu kuingia.

Kicheko kikaniishia. Badala yake kilinijia kitu kibaya, na sitajisafisha mbele yenu.

Jae-pil alikuwa ameshasimama. "Ngoja nikawaambie nimekosea."

Nikamshika mkono wa shati.

"Ukiwaambia, itakuwaje?"

"Watanichuna ngozi."

"Na mimi nitarudi jikoni kumsubiri dada yako."

Akafikiri. Jae-pil si mjinga, ni mvivu tu wa kutumia akili mpaka itakapomfaa yeye.

"Wakidhani ni kweli," akasema polepole, "wewe utakwenda Bonghwa."

"Nitakwenda. Nikifika nitapiga simu niseme ilikuwa makosa, jirani alikosea, chochote. Watafurahi hata wasiulize. Mimi nitakuwa nimeshafika."

"Na kaka atakupeleka. Labda na mama ataenda." Uso ukamng'aa. "Shem, unajua leo nimeulizwa mara ngapi naoa lini? Shangazi kaniuliza, mjomba kaniuliza, hata yule wa kuleta mapeasi kaniuliza. Wakiondoka, nitakuwa mtu wa kwanza Korea nzima kula Chuseok bila kuulizwa kitu."

"Kwa hiyo?"

"Mimi sijui lolote. Nilisema amerejea, na kweli amerejea." Akarudisha kidude sikioni, akalala.

Nikatoka chumbani nikiwa nimeinamisha kichwa. Sikumwambia mtu yeyote uongo, nataka mjue. Nilijibu kila nilichoulizwa.

"Habari zimeletwa na nani?" baba mkwe akauliza tena.

"Jae-pil alizipata getini, Baba."

"Marehemu yuko wapi sasa?"

"Nyumbani kwake." Mpaka tufike, angekuwa hapo.

"Hawajamhamishia hospitali?"

"Hawajamhamisha."

"Nani yuko naye?"

"Mbwa," nikasema, na mama mkwe akaanza kulia upya.

Nilikuwa nimeshachukua mkoba, furushi ndani yake, nimeshavaa viatu. Nikamtazama Jae-ung, nikitegemea atawasha gari tuondoke wawili. Ndipo baba mkwe akatoka chumbani. Amevaa suti nyeusi, tai nyeusi, soksi nyeusi. Nyuma yake mama mkwe, naye mweusi kuanzia shingoni.

"Twende," akasema.

"Baba, safari ni ndefu, na leo barabara..."

"Mama wa mkaza mwana wangu amerejea siku ya Chuseok, halafu akina Tak wakae nyumbani wanakula mapeasi? Watu wa mji huu watasema nini? Mimi ndiye ninayewafundisha."

Nikafungua mdomo niseme. Niliufungua kweli. Lakini geti likafunguliwa, gari likaingia, wifi yangu Jae-ran akashuka na gauni la waridi na mumewe nyuma amebeba sanduku la nyama. Alikuwa anatabasamu. Mama yake akamkimbilia, akamwegemea begani na kumwambia. Jae-ran akaanza kulia kwa ajili ya mtu aliyemwona mara moja tu, harusini kwangu, kisha akanikumbatia akasema, "Wifi, nisamehe, ungekuwa umeshaondoka kama si mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana sikuweza kuongea.

Mumewe akaazimwa suti, na yeye koti jeusi la kufunika waridi. Hata chai hakunywa kwa mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mimi na Bibie tulikuwa sawa.

Magari mawili yakatoka. Jae-pil alitusindikiza getini, uso wa huzuni, akisema mtu mmoja lazima abaki kulinda meza ya mababu. Baba mkwe akamsifu kwa kukomaa.

Barabara ilikuwa imejaa. Chuseok kila gari la nchi liko njiani na hakuna linalokwenda. Jae-ung alikuwa kwenye usukani, baba mkwe kando yake, mimi na mama mkwe nyuma. Baba mkwe alitumia muda huo kumfundisha mwanawe maneno ya msibani: usiseme hujambo, usiseme karibu tena, usigonganishe glasi, usiseme kapumzika kama mtu alikuwa mgonjwa, usiseme mapema mno kama alikuwa mzee. Alipomaliza alimpigia mume wa Jae-ran kwenye gari la nyuma akamfundisha naye kwa simu.

Mimi nilikuwa natafuta mwanya. Nilijiambia nitasema tukifika kwenye daraja. Daraja likapita. Nikajiambia nitasema tukimaliza kona za mlimani.

Ndipo mama mkwe akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na ulinuka samaki kama wangu.

Alinieleza jambo ambalo mume wangu mwenyewe hakuwahi kulisikia. Nilimwona kwenye kioo anavyokaza macho. Kwao mama mkwe ni Yeongdeok, pwani. Alipoolewa kwa akina Tak, naye hakuwa anakwenda kwao sikukuu. Kulikuwa daima na wifi anayekuja, na mjomba anayekuja, na hakuna aliyewahi kumkatalia.

"Mama yangu alirejea siku kama ya leo," akasema. "Nilikuwa kwenye jiko lile lile. Habari zilifika asubuhi. Mama mkwe wangu akaniambia jioni, vyombo vilipokwisha."

Baba mkwe, aliyekuwa kijana wa nyumba ile wakati huo na lazima alijua, alitazama nje dirishani.

"Nikaapa nikipata mkaza mwana sitamtenda hivyo. Na sikukutenda hivyo, eti kwa sababu nilikuwa nakwambia nenda." Akaniminya vidole. "Nilijua huendi. Nilijua ukiambiwa nenda kwa namna ile huendi. Mama yako angekuwa hai, Myeong-ju, kila sikukuu ningekusukuma mimi mwenyewe nje ya geti. Sasa nitamsukuma nani?"

Tangu niolewe alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

Nilipasuka. Sikulia kwa ajili ya mama, mnajua mama yuko wapi. Nililia kwa ajili yake yeye, na kwa ajili yangu, kwa jinsi nilivyojifinyangia msiba wa uongo na mwanamke huyu akamwaga humo msiba wake wa kweli.

"Mama," nikasema, "nisikilize. Kuna jambo..."

"Kimya," baba mkwe akasema kutoka mbele, bila ukali. "Mfiwa hajielezi. Kwa adabu zetu mfiwa ni mkosaji. Mzazi ameondoka mikononi mwake, hana neno la kusema. Yeye anatazama chini tu."

Nikatazama chini. Katika miaka yote ya kufundishwa na mzee yule, hilo ndilo somo lililonifaa.

Tulifika Bonghwa jua limeanza kuegemea mlima. Geti la mama lilikuwa wazi. Mbwa alibweka, akanitambua, akatikisa mkia. Uani pilipili nyekundu zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka. Hapakuwa na watu, hapakuwa na turubai, hapakuwa na sauti, na baba mkwe akatikisa kichwa kwa uchungu kuona marehemu asiye na hata jirani mmoja.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi pia. Na pale, ukutani, mkabala na mlango, ilikuwa picha kubwa ya mama, amevaa vazi la heshima, hatabasamu.

Nilikuwa nimeisahau ile picha. Mwaka jana vijana fulani walikuja kwenye kituo cha wazee kuwapiga wazee picha za msiba, ziwe tayari siku ikifika. Mama aliipenda yake, akasema ni ujinga kuiweka kabatini wakati bado ana macho ya kuitazama, akaitundika.

Baba mkwe alipoiona alisimama. Akafunga kifungo cha koti. Akapanda barazani, macho chini, akapanga mikono ule mpangilio wa msibani, wa kulia juu, ambao hufundisha kila mwaka na kila mwaka kuna anayeukosea. Mama mkwe, Jae-ung, Jae-ran na mumewe wakajipanga nyuma yake.

"Baba," nikasema.

Akashuka hadi chini, paji la uso sakafuni. Ikawa moja.

Mtu aliye hai huinamiwa mara moja. Marehemu huinamiwa mara mbili. Nilikuwa na nafasi ile tu, kati ya moja na mbili, na nilimwita tena, lakini aliyeinama msibani hageuki.

Mama akatokea nyuma ya nyumba, beseni la pilipili kiunoni.

Aliwaona wakwe zake wote wako barazani kwake, wameinama, weusi watupu. Mama yangu ni mtu wa adabu kuliko hata akina Tak. Hakuuliza. Aliliweka beseni chini, akafuta mikono, akapanda barazani kwa upande, akaenda kusimama mbele ya baba mkwe chini ya picha yake mwenyewe, akapiga magoti kuipokea salamu na kuirudisha.

Baba mkwe aliinuka, macho bado chini kama inavyotakiwa. Akashuka kwa mara ya pili.

Waliinua vichwa pamoja.

Sitaeleza uso wa baba mkwe. Nimemwona akikasirika, nimemwona akilewa, sikuwahi kumwona akikosa neno. Jae-ran ndiye aliyepiga kelele. Jae-ung alikaa palepale sakafuni. Mama aliwatazama mmoja mmoja, suti kwa suti, tai kwa tai, akahesabu watu, nikaona rangi inamtoka usoni.

"Wakwe zangu," akasema kwa sauti ndogo, "nani amerejea?"

Akanitafuta kwa macho, akaniona nimesimama uani, akashika kifua akashusha pumzi.

Mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alimwendea mama, akamshika mkono wake wenye pilipili kwa mikono yake miwili, akaubana kama mtu anayepima kitambaa, muda mrefu. Nilidhani atacheka. Nilidhani atalia. Nikaona bega lake linatetemeka nikaanza kutumaini.

Kisha akageuka. Macho yake yalikuwa makavu. Yalishuka hadi kwenye mkoba wangu, ambako pembe ya kile kitambaa cha furushi ilikuwa imechungulia nje, na mama naye akayafuata macho yake, akakitambua kitambaa chake.

"Myeong-ju," mama mkwe akasema. "Kule garini nilipokuwa nakusimulia habari za mama yangu. Ulikuwa umeshajua?"

Mama yangu mzazi alikuwa ananitazama. Mume wangu alikuwa ananitazama. Na safari hii baba mkwe hakuniambia ninyamaze.